Kayaki ya pedali: Lichunguze ziwa kwanza, bei baadaye

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Usemi huo una ukweli wake shambani, kwa kuwa mwenye nia ya kulima hulima hata kwa jembe lililochakaa. Ziwani mambo ni mengine. Jembe baya humchosha mkulima, lakini chombo kibaya humzamisha mvuvi. Ndiyo maana nimeona niandike juu ya jambo linaloweza kuonekana geni kwa sisi tunaoishi Buraza, kusini mwa mji wa Gitega, ambako hakuna ziwa wala bandari: namna ya kuchagua kayaki inayoendeshwa kwa pedali kwa ajili ya kuvua samaki ziwani kwa ndoano ya nzi.

Msomaji anaweza kuuliza, Warundi na kayaki wapi na wapi? Jibu liko kwenye simu zetu. Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwapokea maelfu ya wenzetu wa mwaka 1972 waliokuwa wakiishi makambini Tanzania. Wengine wako Canada, Australia na Ulaya. Watoto waliotoka huku wakiwa wadogo leo ni watu wazima wenye kazi, magari na starehe za huko, na mojawapo ya starehe hizo ni uvuvi wa ziwani siku ya Jumamosi. Wanapopanga kuja likizo, wanataka kuja na vyombo vyao na kuviacha kwa ndugu.

Kwa upande wetu, tangu mwaka 2021 Burundi imepita vipindi vigumu vya uhaba wa petroli. Mwenye boti ya injini alijikuta na chuma kinachokaa ufukweni huku foleni ya kituo cha mafuta ikizunguka mtaa mzima. Chombo kinachokwenda kwa nguvu za miguu, bila lita moja ya petroli, hakiwezi kupuuzwa katika nchi ambayo baiskeli hubeba ndizi, makaa na mgonjwa.

Mwaka jana mpwa wangu aliyeko Marekani aliniandikia: "Mjomba, shikamoo. Nataka kuleta kayaki ya pedali, nikiondoka ibaki kwenu. Nimeona mbili, nichagulie." Akatuma picha mbili na bei zake. Bei ya ile ya juu ingetosha kuezeka nyumba ya mama yake na chenji ikabaki. Kwa familia ya waliorudi ambayo bado inahesabu kila bati, hilo si jambo la kujibu kwa kuangalia rangi.

Mimi nilizaliwa na kusoma Ulyankulu, Tabora, na nilirudi nyumbani mwaka 2009. Ziwa nililifahamu wakati wa likizo, kwa ndugu wa mama waliokuwa wakivua dagaa Kibirizi, Kigoma. Pale mtoto hufundishwa mapema kwamba mvuvi huanza kwa kutazama maji, kisha upepo, na mwisho chombo. Nilimjibu mpwa wangu kwa utaratibu huo huo, na hapa nauweka wazi ili uwafae wengine.

Ni chombo gani hiki?

Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja au wawili. Zile za uvuvi zinazouzwa siku hizi nyingi hutengenezwa kwa plastiki ngumu, jamii ile ile ya plastiki ya matangi ya maji. Mvuvi hukaa juu yake na si ndani yake. Sakafu ina matundu yanayopitisha maji ya mawimbi yarudi ziwani, hivyo chombo hakijai kama mtumbwi wa gogo. Urefu wake ni kati ya mita 3 na 4, upana sentimita 80 hadi 95, na uzito mara nyingi kilo 35 hadi 60 pamoja na kiti na pedali. Mpya huko Marekani huanzia takribani dola 1,000, na zenye majina makubwa hupita dola 3,000.

Faida kubwa ya pedali ni kwamba mikono inabaki huru. Anayepiga kasia hawezi kuvua wakati huo huo. Ama anaendesha, ama anavua. Watu wa Ziwa Inle huko Myanmar waliligundua hilo zamani: mvuvi wao husimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili akauzungushia kasia na kulipiga, huku mikono ikishughulika na wavu. Kayaki ya pedali ni fikra hiyo hiyo iliyopitia kiwandani.

Mikono hiyo inahitajika zaidi katika uvuvi wa ndoano ya nzi. Katika uvuvi huu chambo si mnyoo wala dagaa. Ni ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mdudu au kisamaki. Kwa kuwa chambo hicho ni chepesi kama unyoya, hakiwezi kurushwa kwa uzito wake. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una uzito. Mvuvi huupeperusha mshipi nyuma na mbele kwa ufito wa takribani mita 2.7, kisha huulaza juu ya maji. Mkono mmoja unashika ufito, wa pili unavuta mshipi kidogo kidogo ili mdudu wa bandia aonekane anaogelea.

Afrika Mashariki uvuvi huu si mgeni kabisa. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti kutoka Uingereza na kuwaweka katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Tangu hapo mito ya Aberdare na ya Mlima Kenya imekuwa na wavuvi wa nzi, pamoja na ziwa dogo la Rutundu lililoko juu ya mlima huo.

Kwetu hakuna trauti. Kuna tilapia, kambale na jamii nyingi za samaki wadogo, na katika Ziwa Tanganyika kuna mukeke, sangala na kuhe. Anayekuja na ufito wake kutoka ng'ambo ajue mapema kwamba tilapia hula zaidi mimea na vijidudu visivyoonekana kwa macho, hivyo anaweza kupita karibu na nzi wake bila kumjali. Samaki wawindaji, wanaofukuza visamaki vingine, ndio watakaomfurahisha. Kuhe anayewinda karibu na mawe ya Ziwa Tanganyika, kwenye maji angavu, ana nafasi kubwa ya kumfuata nzi kuliko tilapia wa kwenye matope.

Mapezi au rafadha?

Hapa ndipo picha mbili za mpwa wangu zilipotofautiana. Pedali za kayaki ni za namna mbili.

Namna ya kwanza ni ya rafadha, yaani panga lile linalozunguka kwenye injini ya boti. Mvuvi huzungusha pedali kama za baiskeli, na mhimili unaoshuka chini ya chombo huizungusha rafadha. Akizungusha kinyume, chombo kinarudi nyuma. Hilo ni jambo jema sana samaki mkubwa anapovuta kuelekea kwenye mafunjo. Aliyezoea baiskeli ataizoea kwa dakika tano.

Namna ya pili ni ya mapezi. Mvuvi husukuma pedali mbele kwa zamu, mguu wa kulia kisha wa kushoto, kama anayepanda ngazi. Chini ya chombo mapezi mawili ya mpira mgumu hupepea kulia na kushoto mfano wa samaki. Kampuni ya Hobie ya Marekani ndiyo iliyoileta sokoni namna hii mwaka 1997. Mapezi ya kwanza hayakuweza kurudi nyuma. Miaka ya karibuni yametoka yanayogeuzwa kwa kuvuta kamba, ila bei yake imepanda pia.

Kwa mtu anayesoma tangazo, rafadha inashinda: ni rahisi kuielewa, mara nyingi ina bei nafuu, na inarudi nyuma. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuipenda. Tatizo ni kwamba tangazo halikuandikwa kwa ajili ya Ziwa Rweru.

Maji yenyewe yanasemaje?

Nilipanda gari kutoka Gitega hadi Muyinga kupitia Karuzi, kisha nikaenda Giteranyi kwa binamu yangu. Eneo hilo, ambalo tangu mgawanyo mpya wa mwaka 2025 limo katika mkoa wa Buhumuza, linagusa Ziwa Rweru. Rweru ni mojawapo ya maziwa madogo ya kaskazini, pamoja na Cohoha, Kanzigiri, Rwihinda na mengine. Usemi wetu wa Kiswahili unasema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa Rweru ningeongeza, wala hujui uchache wake. Ni ziwa pana lakini lenye kina kifupi, mahali pengi mita chache tu. Ukingo wake umezungukwa na mafunjo, na gugu maji huelea kwa makundi yanayohama kila upepo unapobadilika. Asubuhi njia ya kutokea iko wazi; jioni imezibwa.

Katika maji kama hayo rafadha inapata shida mbili. Ya kwanza ni kina: mhimili wake hushuka karibu nusu mita chini ya chombo, na ukigonga kisiki au tope lazima uuinue na kuchukua kasia. Ya pili ni magugu. Kitu kinachozunguka hukusanya kila uzi kinaokutana nao. Mizizi mirefu ya gugu maji ikishazunguka mara tatu, mvuvi atasimama, atainua mtambo, na kufungua fundo kwa kisu huku akiinama juu ya maji yenye mamba.

Mapezi hayazunguki, yanapepea. Magugu huteleza mengi yakaanguka, ingawa si yote. Zaidi ya hapo, mvuvi akisukuma pedali moja mbele kabisa, mapezi hulala bapa chini ya chombo na chombo kinapita juu ya maji mafupi. Kwa Rweru na Kanzigiri, na kwa pembe za Cohoha zenye majani, ushauri wangu ni mapezi. Kwa mtu atakayevua kwenye kina, mbali na magugu, rafadha ni nzuri na kurudi kwake nyuma kutamsaidia kukaa mahali pamoja upepo unapovuma.

Ziwa Tanganyika ni suala jingine kabisa. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 650 na kina kinachofikia mita 1,470. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu, na ukisafiri juu ya ziwa refu namna hiyo hujenga mawimbi ambayo hata boti za mbao za wavuvi huyaheshimu. Miezi hiyo hiyo ndiyo likizo ya ndugu zetu wa ng'ambo. Tena ndiyo miezi ambayo uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane: mwaka 2024 Tanzania ilifunga shughuli za uvuvi katika ziwa hilo kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolichangia. Anayetaka kuvua huko, iwe Rumonge au Kigoma, aulize tarehe za mwaka husika kabla ya kukata tiketi ya ndege. Ni uchungu kusafirisha boti nusu ya dunia ukafika ziwa limefungwa.

Nje ya miezi hiyo, kayaki iende Ziwa Tanganyika asubuhi, ikae karibu na ufuko, na irudi kabla upepo wa mchana haujaamka. Wanafunzi wangu niliwapa hesabu hii. Mvuvi anakanyaga kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, na upepo unamsukuma kilomita 2 kwa saa. Akienda na upepo kwa saa moja atafika kilomita 7. Kurudi, mwendo wake ni kilomita 3 kwa saa, hivyo atahitaji saa mbili na dakika ishirini, tena akiwa amekwisha choka. Kanuni inayotokana na hesabu hiyo ni rahisi: anza safari kwa kuukabili upepo, ili urudi ukisukumwa nao.

Kwa maziwa ya kaskazini upepo una hatari ya pili. Rweru na Cohoha yanachangiwa na Rwanda, na Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Juu ya maji hakuna kamba wala jiwe la mpaka. Mtu anayevua kwa utulivu huku akipeperushwa na upepo anaweza kuvuka bila kukusudia, na askari wa doria hatamuuliza kama alikuwa anatazama nzi wake. Kwa hiyo nanga ni lazima, hata ikiwa ni jiwe lililofungwa kamba imara.

Aidha maziwa hayo yamo katika eneo la hifadhi, na Rwihinda linajulikana kwa ndege wake. Kibali kiulizwe kwa mamlaka za mazingira na za uvuvi kabla chombo hakijagusa maji. Viboko nao wapo. Kayaki haina kelele, na hiyo ni faida kwa samaki lakini ni hatari kwa kiboko anayeshtuliwa karibu. Wavuvi wa Giteranyi waliniambia wao hugonga ubavu wa mtumbwi wanapokaribia mafunjo, ili mnyama ajue kuna mtu. Mwenye kayaki na afanye vivyo hivyo.

Sakafu safi, kiti cha juu

Baada ya kuamua juu ya mtambo, mvuvi wa nzi aangalie sakafu ya chombo. Mshipi anaouvuta huanguka miguuni, mita kumi au zaidi, na miguuni ndiko ziliko pedali. Mshipi ukizunguka pedali wakati samaki anakimbia, ama utakatika ama ufito utavunjika. Kayaki nzuri kwa kazi hii ina sakafu isiyo na vishikizo, ndoano na skurubu zilizojitokeza, na mtambo wake unang'oka kwa mkono mmoja ili uwekwe kando wakati wa kuvua. Wengine huweka beseni pana kati ya magoti mshipi uangukie humo. Beseni la soko la Gitega linafanya kazi hiyo sawasawa na lile linalouzwa kwa dola huko ng'ambo.

Kiti kiwe cha juu. Anayekaa chini sana mshipi wake hugusa maji ya nyuma kila anapourusha. Anayetaka kusimama ahitaji chombo chenye upana wa karibu sentimita 90, na akijaribu kwanza kwenye maji ya kufika kiunoni. Upana huo una gharama yake: chombo kipana ni kizito na mwendo wake ni wa polepole. Usukani nao mara nyingi huwekwa upande wa kushoto. Anayerusha kwa mkono wa kushoto aulize kama unaweza kuhamishwa.

Jaketi la kujiokolea si pambo la kutundika nyuma ya kiti. Livaliwe. Kasia nalo liwemo chomboni siku zote, maana siku pedali itakapovunjika katikati ya ziwa, kasia ndilo litakalokurudisha kwa watoto wako.

Kubeba, kusafirisha na ushuru

Sisi wa Buraza hatuna ziwa mlangoni. Chombo cha kilo 50 chenye urefu wa karibu mita 4 hakipandi juu ya teksi bila maneno, na kukitoa barabarani hadi majini kunahitaji watu wawili au kigari cha magurudumu. Ndiyo maana kayaki ya kujazwa upepo isidharauliwe. Inakunjwa ikaingia katika mfuko, nyingine zina kilo 20 na kitu tu, na inapanda basi dogo kama mzigo wa kawaida. Udhaifu wake ni miiba ya kambale na visiki vya mafunjo vilivyokatwa kwa ncha. Mwenye nayo abebe viraka na gundi yake.

Kayaki ya plastiki ngumu huvumilia visiki. Ikipasuka, gundi za faiba hazishiki vizuri kwenye plastiki hiyo. Inahitaji kuyeyushwa na kuungwa kwa plastiki ya aina ile ile. Kwa bahati nzuri mafundi wanaoziba madumu na mabeseni kwa chuma cha moto tunao katika kila soko. Wapewe kipande cha kujaribia kwanza. Vipuri vya pedali ndivyo visivyopatikana huku, hivyo nyaya, pini na pezi la akiba vije ndani ya mzigo ule ule.

Wafanyabiashara wa mpakani wanajua kwamba meli haitozi kilo peke yake. Mzigo mwepesi lakini mkubwa hutozwa kwa nafasi. Kayaki ya urefu wa mita 3.7, upana wa mita 0.9 na kimo cha mita 0.4 inachukua zaidi ya mita 1.3 za ujazo, hata kama haina uzito. Wajanja huijaza nguo na vitabu tumboni ili nafasi isiende bure, ila kila kilichomo kiandikwe. Neno "zawadi" haliondoi ushuru lenyewe. Thamani inayohesabiwa na forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni bei ya kitu pamoja na bima na nauli ya kukileta, na hapa Burundi kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mwenye mzigo unaopitia Dar es Salaam na Kobero aulize kiwango cha ushuru kwa maandishi kabla haujapakiwa. Nimesikia mengi kuhusu mawakala wanaotaja bei moja kwa simu na nyingine mzigo ukishafika.

Kumbuka pia kwamba cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha yake. Kayaki ya Marekani haimo humo. Wanaotengeneza vyombo hapa Afrika Mashariki wapo, na hata plastiki si siri ya wageni: jahazi la Flipflopi lilijengwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa takataka za plastiki na kandambili kuukuu, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019.

"Itabeba wavu?"

Kule Giteranyi niliwaonyesha wavuvi picha za kayaki. Waliipenda. Kijana mmoja aliishika simu yangu kwa muda mrefu, akaivuta picha ikawa kubwa, kisha akauliza: "Mwalimu, itabeba wavu?" Nikamwambia itabeba wavu mmoja mdogo. "Na samaki?" Ndoo moja, pengine mbili. Akanirudishia simu kwa adabu, akaendelea kushona wavu wake.

Swali lake lina uzito kuliko yote niliyoandika hapo juu. Kayaki ni chombo cha mtu mmoja, na uvuvi wa nzi ni wa samaki mmoja mmoja, ambao wengi wa wanaoupenda huwarudisha majini. Anayesomesha watoto kwa ndagala na mukeke huhitaji chombo kinachobeba watu, taa, nyavu na makreti. Kwa hiyo familia inayopewa kayaki isiambiwe imepewa mtaji wa uvuvi. Imepewa chombo cha starehe ambacho kinaweza kuingiza kipato kidogo, kwa mfano kumkodisha mgeni anayekuja kuvua au kutazama ndege, mamlaka zikiruhusu.

Nilimwandikia mpwa wangu hivyo hivyo. Nilimwambia aiache ile ya bei ya juu, atafute iliyotumika, ya mapezi, pana, yenye sakafu safi, na fedha itakayosalia aitume kwa ajili ya mbao. Siku tatu hakujibu. Nadhani aliona nimempunguzia zawadi yake. Halafu akapiga simu, akauliza boti ya mbao ya watu wanne inahitaji mbao ngapi, na nani ataandikwa kuwa mwenye nayo.

Swali hilo la mwisho lilitupa kikao cha jioni nzima. Sisi tuliorudi tunajua kinachotokea pale kitu kinapokuwa cha wote bila maandishi: tumeona mashamba, tumeona nyumba. Tuliandika karatasi moja yenye sahihi. Kayaki ni ya mpwa, inatunzwa Giteranyi, na anayeitumia anailipia matengenezo. Boti ya mbao ni ya binamu na vijana wawili, na sehemu ya mapato inakwenda kwa mama wa mpwa mpaka bati zitimie.

Kwa msomaji mwenye ndugu ng'ambo anayeuliza swali kama la mpwa wangu, haya ndiyo ya kumjibu kabla hajatoa fedha. Ni ziwa gani, na kina chake ni kipi pale utakapoanzia? Kuna magugu? Utavua mwezi gani, na ziwa litakuwa wazi? Nani atakibeba chombo kutoka barabarani hadi majini? Kikivunjika pezi, la akiba liko wapi? Ushuru wake ni kiasi gani, na umeandikwa? Mgeni akishaondoka, chombo kitakuwa cha nani? Akikosa jibu la moja kati ya hayo, na asubiri. Kayaki zitaendelea kuuzwa mwakani.